Mwokozi wa Jangwani Hakuwa Kauboi

Desert Gold, riwaya ya Mmarekani Zane Grey iliyotoka mwaka 1913, ni kisa cha mahaba na uokozi katika jangwa la Sonora, pale Meksiko inapopakana na Arizona. Ni miongoni mwa vitabu vilivyoijenga sura ya kauboi inayojulikana leo ulimwengu mzima: mwanamume mmoja, farasi mmoja, bastola kiunoni, jangwa tupu mbele yake na binti wa kuokolewa pembeni yake. Kutokana na sura hiyo imezaliwa imani iliyoenea mno, kwamba majangwa ya magharibi ya Marekani yalikuwa nchi isiyo na mwenyewe, na kwamba wanyonge waliokwama humo waliokolewa na shujaa aliyetoka mbali na ujasiri wake na shabaha yake. Imani hiyo ni ya uongo. Historia inaikanusha, jiografia inaikanusha, na kitabu chenyewe kinaikanusha mbele ya msomaji yeyote atakayefuatilia ni nani hasa aliyemwokoa nani.

Grey alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Zanesville, jimbo la Ohio, mbali kabisa na jangwa. Alisomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akafungua kliniki New York, akawa anang'oa meno mchana na kuandika usiku. Mwaka 1907 alifuatana na mwindaji mkongwe Charles Jesse Jones, maarufu kwa jina la Buffalo Jones, hadi Arizona, na safari hiyo ndiyo iliyompa mada ya maisha yake yote. Mwaka 1910 ilitoka The Heritage of the Desert, mwaka 1912 ikafuata Riders of the Purple Sage iliyomletea umaarufu mkubwa, kisha mwaka uliofuata Desert Gold. Nyuma ya vitabu hivyo alikuwapo mkewe, Lina Elise Roth, aliyeitwa Dolly, ambaye alihariri miswada, akajadiliana na wachapishaji na kuzisimamia fedha.

Desert Gold ilitengenezwa filamu mara tatu, mwaka 1919, 1926 na 1936. Sinema ndiyo iliyoufikisha ukauboi kwa watu ambao hawakuwahi kushika riwaya hata moja ya Grey, wakiwamo watazamaji waliojaza majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi. Lakini bango la filamu lina nafasi ya sura moja, na sura iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya kauboi. Yaliyokuwamo ndani ya kitabu yakasahaulika, ikabaki picha. Ndiyo maana inafaa kurudi kwenye kisa chenyewe na kukipitia kwa utaratibu.

Kisa kinaanza na watafuta dhahabu wawili, Cameron na Jonas Warren, wanaokutana jangwani kila mmoja akiwa na lake moyoni. Katika mazungumzo yao inagundulika kwamba Cameron ndiye kijana aliyempenda binti wa Warren miaka mingi nyuma, na kwamba alimwoa kihalali ingawa baba mtu hakulijua hilo. Wanapata dhahabu nyingi, lakini maji hawana, na wote wawili wanafia huko. Kabla ya kukata roho Cameron anaificha hati ya ndoa mahali ambapo pengine ipo siku itaonekana.

Miaka inapita. Richard Gale, kijana wa tajiri wa mashariki ambaye baba yake amemkatia tamaa, anafika katika mji wa mpakani uitwao Casita. Ni wakati wa Mapinduzi ya Meksiko, na mji umejaa waasi. Hapo anakutana na rafiki yake wa zamani, Luteni Thorne wa kikosi cha wapanda farasi cha Marekani, ambaye amependana na Mercedes Castañeda, binti wa ukoo wa Kihispania. Jambazi mmoja mwenye nguvu, Rojas, anamtaka binti huyo kwa mabavu. Gale anazua vurugu, anamvamia Rojas, na kwa msaada wa kauboi wawili, Ladd na Lash, Mercedes anatoroshwa hadi Forlorn River, kwenye ranchi ya bwana aitwaye Belding. Gale anaajiriwa kulinda mpaka, na papo hapo anampenda Nell, binti wa kambo wa Belding.

Hadi hapo imani ya wengi haijatikisika: yupo shujaa, yupo binti, upo uokozi. Kuanzia hapo mambo yanageuka. Katika doria zake Gale anamkuta Myaqui, mtu wa kabila la wenyeji wa Sonora, amejeruhiwa na akiteswa na majambazi, naye anamwokoa na kumpeleka ranchini. Mtu huyo anapona. Rojas anapogundua Mercedes alikofichwa, Belding anaona hapana budi msichana apelekwe Yuma kupitia Camino del Diablo, njia ya jangwani iliyowaua wasafiri wengi kwa kiu. Anayekabidhiwa msafara huo ni Myaqui. Gale, Thorne, Ladd na Lash, wote wakiwa na bunduki na farasi bora wa Belding, wanamfuata nyuma.

Sehemu hiyo ya riwaya inastahili kusomwa polepole. Wanaowafukuza wanapokaribia, Myaqui anaiacha njia na kuwaingiza wenzake katika nchi ya volkeno, miamba ya lava iliyopasukapasuka na dungusi ambazo miiba yake hushika nyama ya mtu isitoke. Farasi hawawezi kupita wanavyotaka, hivyo watu wanashuka na kutembea. Gale hajui waendako, na Ladd, kauboi hodari kuliko wote, anapigwa risasi na kuwa mzigo wa wenzake. Mercedes hawezi kuendelea kwa miguu yake. Mtu mmoja tu ndiye anayejua maji yako wapi, mahali gani pana kivuli, mnyama gani anawindwa kwenye miamba ile na majeruhi atunzwe vipi. Hata Rojas hafi kwa risasi ya Gale, kwani Myaqui ndiye anayemfuatia kwenye ukingo wa bonde la volkeno mpaka mwisho wake. Kisha wote wanakaa huko kwa muda mrefu wakisubiri mvua, wakiishi kwa maarifa ya mtu mmoja, mpaka anapowarudisha nyumbani wakiwa hai.

Wanaporudi wanakuta Belding amenyang'anywa. Chase, mtu mwenye fedha, pamoja na mwanawe, wametumia mianya ya sheria kujitwalia ardhi na maji ya Forlorn River. Bunduki haina kazi dhidi ya karatasi zilizosajiliwa. Suluhisho linatoka tena kwa Myaqui: anampandisha Gale milimani, anamwonyesha chanzo cha maji, anamwonyesha dhahabu ya Cameron na Warren, na hapo hapo inapatikana hati ya ndoa inayothibitisha kwamba Nell ni mtoto halali wa Cameron, na kuondoa aibu iliyokuwa imelikalia jina lake. Gale anapata mke, utajiri na heshima mbele ya baba yake. Myaqui haombi chochote, naye anarudi zake jangwani.

Hesabu ya uokozi katika kitabu hiki basi iko wazi. Gale anaokoa watu wawili, Mercedes mara moja kule Casita na Myaqui mara moja mpakani. Myaqui anaokoa watu watano kutoka mikononi mwa Rojas na kutoka kiu ya jangwa, anaokoa mali ya Belding na anaokoa jina la Nell. Anayekiita kitabu hiki kisa cha kauboi aliyeokoa watu jangwani amesoma jalada tu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mnyonge huyu ameshanyongwa vya kutosha na wasomaji wa zaidi ya miaka mia moja.

Zipo hoja mbili za kuitetea imani ya kawaida. Ya kwanza inasema kwamba Myaqui alikuwa analipa deni: Gale alimwokoa kwanza, kwa hiyo wema wote uliofuata ni tunda la wema wa Gale. Hoja hiyo ndiyo sumu yenyewe ya riwaya hii, kwa sababu ndivyo mwandishi alivyopanga. Mwenyeji wa nchi, mwenye maarifa yasiyonunulika, ananyimwa matakwa yake mwenyewe. Hana safari yake, hana ndugu anaowatafuta katika kurasa hizo, na shauri la nani aoe au nani arithi halimhusu. Maisha yake yote baada ya kuokolewa yanakuwa malipo. Kipimo cha udhalimu huo ni kimoja na hakihitaji maelezo marefu: katika kitabu kizima hapewi jina. Kabila lake ndilo linalotumika mahali pa jina, ilhali hata farasi wa Gale ana jina lake, Blanco Sol. Shukrani ya namna hiyo, inayompa mtu sifa za utii na uaminifu huku ikimnyang'anya utu wake, haistahili kuitwa heshima.

Hoja ya pili inasema kwamba hata kama Myaqui alijua njia, jangwa lenyewe lilikuwa tupu, na watu wa aina ya Belding na Gale ndio walioligeuza kuwa makazi. Hapa ushahidi wa nje ya kitabu ni mzito. Eneo la volkeno ambako kisa hiki kinafanyika ni Pinacate, kaskazini magharibi ya Sonora, lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2013 pamoja na jangwa la mchanga la Altar. Watu wa jamii za O'odham waliishi humo kwa karne nyingi. Walijua mashimo ya miamba yanayohifadhi maji ya mvua, lipi hukauka mapema na lipi hudumu, na njia zao zilifuata maji hayo. Wanaume wao walivuka jangwa hilo kwa miguu hadi Ghuba ya California kuleta chumvi, safari iliyokuwa na miiko yake na heshima yake, na ambayo ilimpandisha kijana hadhi mbele ya jamii. Nchi yenye visima vinavyojulikana, njia zinazojulikana na ibada zake haiwezi kuitwa tupu. Ilikuwa tupu machoni pa wasiojua kuisoma.

Kaskazini zaidi, katika bonde la Mto Salt ulipo mji wa Phoenix leo, watu ambao wanaakiolojia huwaita Wahohokam walichimba mifereji ya kumwagilia mashamba yenye urefu wa mamia ya kilomita, wakailima nchi hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja hadi karne ya 15. Mwaka 1867 Jack Swilling alipoanzisha kampuni ya kupeleka maji mashambani katika bonde hilo, mifereji iliyofukuliwa ilikuwa ile ile ya kale. Wazungu waliofika Arizona waliyakuta majengo na mifereji ya waliowatangulia. Baadaye ilikuja serikali. Sheria ya mwaka 1902 ya kumwagilia ardhi kame iliingiza fedha za umma, na bwawa la Roosevelt lililokamilika mwaka 1911 lilijengwa kwa nguvu za vibarua wengi, wakiwamo Waapache waliochonga barabara ya kufikia kwenye korongo. Jangwa la Arizona limekaliwa kwa mifereji, mabwawa, reli na bajeti ya taifa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicholetwa na mtu mmoja juu ya farasi.

Kuhusu Wayaqui wenyewe, riwaya inagusia mateso yao kisha inapita. Ukweli wake ni mkubwa kuliko kisa chote cha Gale na Nell. Kwanza, Wayaqui hawakuwa watu wa Pinacate. Nchi yao iko mamia ya kilomita kusini mashariki, katika bonde la Mto Yaqui, mojawapo ya mabonde yenye rutuba kubwa Meksiko. Walikuwa wakulima wa miji minane iliyokuwa kando ya mto, wakipanda mahindi na maharage katika ardhi inayofurika kila mwaka. Grey alichukua maarifa ya jamii moja akayavika jamii nyingine, kana kwamba wenyeji wote ni mtu mmoja. Pili, Wayaqui walifukuzwa kwa sababu ardhi yao ilikuwa nzuri mno. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, serikali ya Porfirio Díaz iliigawa ardhi hiyo kwa kampuni za umwagiliaji, nyingine za mitaji ya Marekani. Wayaqui walikataa. Kiongozi wao Cajeme aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1887. Januari 1900, katika milima ya Mazocoba, jeshi liliwaua mamia yao na kuwateka wengine wengi, wakiwamo wanawake na watoto.

Kisha ikaja hukumu mbaya zaidi. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 maelfu ya Wayaqui walikamatwa na kupelekwa Yucatán, upande wa pili wa nchi, kukata majani ya henequen katika mashamba makubwa. Walisafirishwa kwa meli kutoka Guaymas, wakatembezwa kwa miguu milimani, wakapakiwa garimoshi, kisha meli tena. Mwandishi wa habari wa Kimarekani John Kenneth Turner, aliyeingia Meksiko akijifanya mwekezaji, aliandika kwamba afisa wa jeshi aliyesimamia biashara hiyo alimweleza bei bila kuficha: peso 65 kwa kila kichwa, awe mwanamume, mwanamke au mtoto, peso 10 zikiwa zake na zilizobaki za wizara ya vita. Waume walitenganishwa na wake zao, na wengi walikufa ndani ya mwaka wa kwanza. Kitabu cha Turner, Barbarous Mexico, kilikuwa tayari kimesomwa Marekani miaka miwili hivi kabla ya Desert Gold kutoka.

Uzi wa henequen ulikuwa wa kufungia miganda ya ngano katika mashine za kuvunia za Marekani, na mnunuzi mkubwa alikuwa kampuni ya International Harvester, iliyofanya mapatano na mfanyabiashara Olegario Molina, gavana wa Yucatán. Msomaji wa Tanga au Morogoro anaujua mmea huo kwa karibu, maana henequen ni ndugu wa mkonge. Mkonge wenyewe asili yake ni Meksiko, na ulifika Afrika Mashariki mwaka 1893 wakati Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida na 62 tu ikafika hai. Jasho la manamba waliochukuliwa kutoka mbali kwenda kukata mkonge chini ya ukoloni, na jasho la Wayaqui waliouzwa Yucatán, yalidaiwa na soko lile lile la kamba. Jangwa la mahaba lililoandikwa na Grey lilikuwa limezungukwa na biashara ya watu, na Marekani iliyomleta Gale kama mwokozi ndiyo iliyokuwa ikinunua kamba.

Mpaka wenyewe nao haukuwa kama unavyodhaniwa. Kazi anayopewa Gale ni doria ya uhamiaji: sheria ya mwaka 1882 iliwapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia Marekani, na walinzi wa aina ya Belding walilipwa kuwasaka walioingia kwa njia ya jangwani pamoja na silaha za magendo. Shujaa wa mahaba ni mtumishi wa sheria ya ubaguzi wa rangi. Na wapanda farasi wa jeshi waliolinda sehemu hiyo ya mpaka katika miaka hiyo hawakuwa na sura ya Luteni Thorne. Rejimenti ya 9, iliyopiga kambi Douglas, na ya 10, iliyofika Fort Huachuca mwishoni mwa 1913, zilikuwa za askari weusi. Januari 1918 askari wa rejimenti ya 10 walipambana na kundi la Wayaqui katika bonde la Bear Valley, Arizona. Wayaqui hao walikuwa wamefanya vibarua Arizona wakanunua bunduki za kupeleka kwao kuendeleza vita. Wajukuu wa watumwa wa Marekani walitumwa kupigana na ndugu wa watumwa wa Yucatán. Mkasa wa aina hiyo hauna nafasi katika hadithi ya mwokozi mmoja, na ndiyo sababu hadithi hiyo haifai kuchukuliwa kama historia.

Kauboi wenyewe wamedhulumiwa na imani hii. Ufugaji wa ng'ombe kwa farasi na kamba ulianzishwa na Wameksiko, na katika makundi yaliyoswaga ng'ombe kutoka Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwamo watu weusi wengi, wengi wao wakiwa watumwa wa jana. Mmoja wao, Nat Love, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1907. Walikuwa vibarua wa mshahara mdogo, wakifanya kazi kwa makundi, wakilala chini na kula vumbi. Miji waliyofikia ilikuwa na sheria kali za silaha. Hata mapambano mashuhuri ya Tombstone, Oktoba 1881, yalitokana na polisi wa mji kutaka kutekeleza amri ya kutobeba bunduki mjini. Anayeamini kwamba magharibi ya kale ilikuwa nchi ya kila mtu na bastola yake ameamini kinyume cha kilichokuwapo.

Wanawake nao wamepewa sehemu isiyo yao. Mercedes anapitishwa mkono kwa mkono kama amana, kutoka Casita hadi ranchi, kutoka ranchi hadi jangwani, na Nell anangojea hati ya marehemu imrudishie heshima ambayo hakuipoteza kwa kosa lolote. Jangwa la kweli halikumvumilia mwanamke wa kungojea. Wanawake wa O'odham walivuna matunda ya dungusi ndefu za saguaro kila kiangazi na kuyahifadhi kwa ajili ya miezi ya njaa, na familia nyingi zilifika mvua ya pili kwa sababu yao. Na nyumbani kwa mwandishi mwenyewe aliyeifanya kazi ya Grey isimame ni mwanamke. Mtu aliyeishi kwa kutegemea akili na bidii ya Dolly aliandika vitabu ambamo wanawake hubebwa.

Watetezi wa mwisho husema kwamba haya yote ni burudani, na kwamba hakuna anayedhurika kwa kuota juu ya kauboi. Wanasahau kwamba ndoto hiyo ilisafiri na watu waliokuwa na madaraka. Riwaya iliyoanzisha mtindo huu kwa kishindo, The Virginian ya Owen Wister ya mwaka 1902, ilitabarukiwa rafiki yake Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa amefuga ng'ombe Dakota na kuandika historia nzima ya jinsi magharibi ilivyotekwa. Aprili 1909, wiki chache baada ya kumaliza urais wake, Roosevelt huyo aliteremka Mombasa, akapanda garimoshi la Uganda na kuziangalia nyanda za juu za Kenya kwa jicho lile lile. Aliyoandika baada ya safari yake yalizisifu nyanda hizo kama nchi ya kufaa wazungu kuhamia na kujenga. Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wamaasai walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka sehemu za Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, na mwaka 1911 mkataba mwingine uliwaondoa Laikipia. Popote ardhi ilipotakiwa, kwanza iliandikwa kuwa tupu, kisha akaja mwokozi, kisha mwenyeji akaambiwa ashukuru. Imani iliyosaidia kuhalalisha unyang'anyi wa ardhi katika mabara mawili haiwezi kuachwa ipite kwa kisingizio cha burudani.

Kiswahili kina methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jangwa la Sonora ilikuwa kinyume: wageni walikuja na wenyeji ndio waliowaponya, kisha wakanyimwa hata jina kwenye kitabu cha shukrani. Grey mwenyewe alionyesha baadaye kwamba alilihisi deni hilo. Katika The Vanishing American aliweka Mnavajo kuwa mhusika mkuu, akawashambulia wamisionari waliowadhulumu wenyeji, na kumpa shujaa wake mapenzi ya mwanamke wa kizungu. Kisa kilipotoka jaridani kilizua hasira, na wachapishaji wakashinikiza mwisho ubadilishwe. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1925, shujaa huyo anakufa. Soko lilikuwa tayari kumwona mwenyeji akiokoa au akifa, lakini halikuwa tayari kumwona akiishi na kupendwa.

Lakini Wayaqui waliishi. Mapinduzi yalipomwangusha Díaz mwaka 1911, wengi wao walipigana katika majeshi yaliyofuata wakiidai ardhi yao, na mwaka 1937 Rais Lázaro Cárdenas aliwarudishia kwa amri sehemu ya bonde lao. Waliokimbilia Arizona walijenga vijiji vyao pembezoni mwa Tucson na Phoenix, na mwaka 1978 serikali ya Marekani iliwatambua rasmi kama taifa la wenyeji, Pascua Yaqui. Huko Sonora wameendelea hadi karne hii kupigania maji ya Mto Yaqui, wakifunga barabara na kwenda mahakamani kupinga mfereji uliojengwa kuyapeleka katika jiji la Hermosillo. Ugomvi ni ule ule wa Belding na Chase, isipokuwa mara hii wanaodai maji ni wenye mto.

Desert Gold haistahili kutupwa. Grey aliyaeleza mandhari ya jangwa kwa jicho kali, na chini ya mahaba yake aliacha ushahidi wa kutosha wa kumpinga yeye mwenyewe. Inachostahili ni kusomwa kwa haki. Mwalimu anayeifundisha aanze na swali la nani anajua maji yako wapi, na anayetaka kuitengenezea filamu nyingine ampe Myaqui jina, ukoo na safari yake. Msomaji aliyelelewa na picha za kauboi naye ana wajibu wa kuiacha imani ya nchi tupu na mwokozi mgeni, kwa sababu katika jangwa hilo waliojua kuishi walikuwapo kabla ya wote, na wazao wao wangali wapo.